Maandishi Hayajisomi

Kabla mchezo wa kadi wa Magic: The Gathering haujachapishwa mwaka 1993, mtunzi wake, mwanahisabati Mmarekani Richard Garfield, aliwagawia watu kadi za majaribio wazicheze. Mmoja wao akamweleza kwamba ana kadi inayompa ushindi wa hakika katika zamu inayofuata. Garfield hakukumbuka kutunga kadi ya namna hiyo. Alipoonyeshwa, akaona sentensi moja fupi ambayo kitenzi chake, kwa Kiingereza, kinabeba maana mbili: kupoteza kitu na kushindwa mchezo. Mtunzi alikusudia mpinzani akose zamu moja; msomaji alielewa kwamba zamu hiyo ikifika, mpinzani amekwisha. Lugha yetu nayo haijasalimika na mtego huo. Tukiandika kwenye kadi kwamba mpinzani "ashindwe zamu ijayo", mmoja atasema amefungwa, mwingine atasema hawezi tu kucheza zamu hiyo, na wote wawili watakuwa wamesoma Kiswahili fasaha. Kadi ile ilirekebishwa, ikachapishwa kwa jina la Time Walk, na maneno yake yakawa kwamba anayeicheza anapata zamu ya ziada. Neno lilirekebishika, swali lililozaliwa pale lingalipo. Andiko likiwa mbele ya wasomaji wawili waaminifu, na kila mmoja ana njia yake ya kulisoma, ni kitu gani kinachofanya usomaji mmoja uwe sahihi?

Jibu ninalolitetea hapa ni kwamba usahihi hautoki kwenye andiko peke yake, wala moyoni mwa aliyeandika, wala kwenye matokeo yanayopendeza. Unatoka kwenye utaratibu wa kusoma ambao wasomaji wameukubali kabla hawajajua utamwangukia nani. Mchezo huu ni ushahidi mzuri wa jambo hilo kwa sababu kila kadi yake ni sheria ndogo. Tangu 1993 zimetolewa kadi tofauti zaidi ya 20,000, na nyingi zina mistari michache inayobadili kanuni za kawaida. Kitabu cha kanuni chenyewe kinakiri mwanzoni kwamba kadi ikipingana nacho, kadi ndiyo inayofuatwa. Sasa hesabu: kadi 20,000 zikipangwa mbilimbili zinatoa jozi karibu milioni 200. Hakuna mtunzi, hakuna jopo la wataalamu, lililokaa likazipima zote. Hata hivyo jozi yoyote inaweza kukutana leo jioni mezani, mbele ya watu wawili wanaotaka jibu sasa hivi. Wingi huo unatufundisha jambo la kwanza: sheria zikiwa nyingi na zimetungwa na watu wengi kwa miaka mingi, haiwezekani jibu la kila mgongano liwe limeandikwa. Kinachoweza kuandikwa ni njia ya kulifikia.

Tuutazame mgongano mmoja kwa karibu. Kuna kadi ya kiumbe iitwayo Tarmogoyf, iliyotoka mwaka 2007. Nguvu zake ni sawa na idadi ya aina za kadi zilizomo makaburini, yaani katika marundo ya kadi zilizokwisha kutumika za wachezaji wote. Uimara wake ni idadi hiyo ukiongeza moja. Tuseme makaburini mna kadi ya ardhi na kadi ya kiumbe, basi. Aina ni mbili, kwa hiyo Tarmogoyf ana nguvu 2 na uimara 3. Mpinzani anamtupia Lightning Bolt, radi yenye pigo la 3. Kiumbe mwenye uimara 3 akipata pigo la 3 hufa. Kila anayejua kuhesabu ataona hivyo. Kumbe hafi. Kanuni zinasema kwamba mchezo hauangalii nani amekufa mpaka kadi inayotekelezwa imalize kazi yake yote, na kazi ya mwisho ya Lightning Bolt, baada ya kupiga, ni kwenda yenyewe makaburini. Aina yake haikuwamo mle. Basi mchezo unapotazama ili kuhukumu, aina zimekuwa tatu, uimara umepanda kuwa 4, na pigo ni lile lile la 3. Radi imemwokoa yule yule iliyempiga. Soma kadi hizo mbili mara mia, hutaliona jibu hilo kwenye yoyote kati yake. Jibu limo katika mpangilio: kipi kinatangulia, kipi kinafuata, na hukumu inatolewa wakati gani.

Jambo hili lina historia ndefu katika elimu ambayo watu wa pwani wanaifahamu. Imamu Shafii, aliyefariki mwaka 820, na ambaye madhehebu yake ndiyo yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki, aliandika Risala, kitabu kinachohesabiwa kuwa miongoni mwa misingi ya usuli wa fiqhi. Shughuli kubwa ya kitabu hicho ni namna ya kuzisoma hukumu zinapokutana: ipi ni ya jumla na ipi ni mahususi, ipi imefuta na ipi imefutwa. Matunda ya elimu hiyo yako jikoni. Mzoga ni haramu, na mnyama asiyechinjwa ni mzoga. Hata hivyo hakuna anayemchinja changu wala kibua kabla ya kumtia chunguni, kwa sababu hukumu mahususi ya viumbe wa baharini imetolewa ndani ya hukumu ya jumla. Yako pia msikitini: Waislamu wa mwanzo walielekea Baitul Maqdis katika sala, kisha wakaamrishwa kuelekea Makka, na amri iliyofuata ndiyo inayoswaliwa hadi leo. Wanazuoni wa fiqhi wana pia kanuni kwamba halali na haramu zikichanganyika katika jambo moja, haramu hupewa nguvu. Mchezo wa kadi una kanuni za sura hiyo hiyo. Kadi iliyo mahususi inashinda kitabu kilicho cha jumla. Katazo linashinda ruhusa: mwenye Platinum Angel, kadi inayosema hawezi kushindwa, ataendelea kucheza hata uhai wake ukifika sifuri. Na mara nyingi amri mbili za daraja moja zikigongana, iliyokuja baadaye ndiyo yenye neno la mwisho. Sidhani kufanana huku kunatokana na kuigana. Kunatokana na tatizo lenyewe. Popote maandishi mengi yanapodai utii kwa pamoja, wasomaji watahitaji kujua cheo cha kila andiko, na cheo hicho hakiwezi kutolewa na andiko linalogombaniwa.

Kuna mgongano mgumu zaidi, unaoonyesha ni kwa nini utaratibu hauepukiki. Kadi ya Humility, neno lenye maana ya unyenyekevu, ilitoka mwaka 1997. Inaamuru kwamba viumbe wote wapoteze uwezo wao wote na kila mmoja awe na nguvu 1 na uimara 1. Yenyewe si kiumbe; ni uchawi wa kudumu, kwa hiyo inatawala bila kujigusa. Mwaka 1999 ikatoka Opalescence, inayosema kwamba kadi nyingine za uchawi wa kudumu, isipokuwa zile zinazobandikwa juu ya kitu kingine, nazo ni viumbe, na ukubwa wa kila moja ni sawa na gharama yake. Gharama ya Humility ni 4. Ziweke zote mbili mezani. Humility sasa ni kiumbe. Viumbe wanapoteza uwezo, kwa hiyo Humility imepoteza uwezo wa kuondoa uwezo. Lakini ikishaupoteza, viumbe wanarudishiwa wao, nayo ikiwamo. Na ikishaupata tena, inaupoteza tena. Ni sheria iliyojihukumu yenyewe, ndugu wa kitendawili cha mtu anayesema kwamba anasema uongo, ambacho kiliwasumbua wanafalsafa wa Ugiriki ya kale. Kwa mantiki tupu, duara hili halina mlango wa kutokea.

Kitabu cha kanuni kinatoka katika duara hilo kwa kupanga matabaka saba. Amri za kudumu hazitendi kazi zote kwa mara moja; zinapita ngazi kwa ngazi. Katika tabaka la nne hushughulikiwa aina ya kadi, katika la sita uwezo, katika la saba nguvu na uimara. Na kuna kanuni moja inayobeba mzigo wote: amri ikishaanza kufanya kazi katika tabaka fulani, itaendelea katika matabaka yanayofuata hata kama chanzo chake kimeondolewa njiani. Basi katika la nne Humility inafanywa kiumbe. Katika la sita kila kiumbe anavuliwa uwezo, Humility ikiwa mmoja wao, na hakuna anayerudi kwenye ngazi aliyokwisha kuipita. Katika la saba amri yake inaendelea ingawa uwezo ulioitoa haupo tena, na viumbe wa kawaida wanakuwa 1 kwa 1. Humility yenyewe itakuwa na ukubwa gani? Hapo inaulizwa ni kadi ipi iliyofika mezani mwisho: kama ni Humility, itakuwa 1 kwa 1, kama ni Opalescence, itakuwa 4 kwa 4. Duara limekuwa mstari. Tuangalie ni nini kilichofanyika. Hakuna neno lililoongezwa kwenye kadi, na hakuna aliyegundua maana ya siri iliyofichwa ndani yake. Watu walikubaliana kwamba kusoma kuna mwanzo na mwisho.

Pingamizi la kwanza litatoka kwa wanaosema kwamba njia fupi ni kumuuliza mtunzi alikusudia nini. Hoja hii ina uzito, kwa kuwa maneno ni chombo cha makusudio, na anayeng'ang'ania herufi huku akijua nia ni mtu anayeikwepa haki. Lakini hapa haifiki mbali. Mtunzi wa Humility mwaka 1997 hakuwa na nia yoyote kuhusu kadi iliyozaliwa mwaka 1999. Hatuwezi kuchimbua makusudio ambayo hayakuwahi kuwepo. Migongano migumu karibu yote iko hivyo: ni migumu kwa sababu hakuna aliyeifikiria. Tena nia isiyotangazwa haiwezi kumfunga mtu, kwani mchezaji anapopanga hatua yake anaona maneno, haoni kifua cha mtu aliye ng'ambo ya bahari. Ndiyo maana wachapishaji wanapotaka nia yao ifuatwe wanaipitisha mlangoni, hadharani. Maneno rasmi ya kila kadi yanahifadhiwa katika rejeo la wazi liitwalo Oracle, na maneno hayo ndiyo yanayofuatwa hata yakitofautiana na yaliyochapwa kwenye kadi uliyoishika. Nia inaheshimiwa, ila kwa sharti kwamba itangulie kutangazwa ndipo idai utii.

Pingamizi la pili lina mvuto zaidi. Mtu atasema: huu ni urasimu. Radi ya 3 imempiga kiumbe wa 3, kila mwenye macho anajua amekufa, na utaratibu unaosema vinginevyo umeisahau akili ya kawaida. Tumpe mwamuzi mwenye hekima aamue lililo sawa kila mara. Mwanafalsafa wa sheria wa Uingereza H. L. A. Hart alilipima wazo la namna hii katika kitabu chake cha mwaka 1961, The Concept of Law. Alionyesha kwamba mchezo ambao kanuni yake pekee ni kuwa matokeo ni yale anayoyataka mwamuzi si mchezo ule ule uliorahisishwa. Ni mchezo mwingine kabisa, na ndani yake mchezaji hawezi kusema kwamba mwamuzi amekosea. Nami naongeza jambo linalonigusa zaidi. Hiyo inayoitwa akili ya kawaida, mara nyingi ni akili ya aliyezoeleka: bingwa, mwenyeji, mwenye sauti. Utaratibu ulioandikwa unamlinda mgeni. Kijana aliyejifunza mchezo mwezi uliopita anaweza kumwonyesha bingwa wa miaka ishirini kwamba Tarmogoyf yu hai, na bingwa hana la kufanya ila kukubali, kwa kuwa wote wawili wako chini ya ngazi zile zile. Mahali ambapo jibu linatokana na hekima ya mtu mmoja, kijana huyo atanyamaza. Nakubali kwamba utaratibu wenyewe unaweza kuwa mbaya. Mwaka 1999 kanuni za mchezo huu zilifumuliwa kwa kiasi kikubwa kwa sababu namna ya zamani ya kupanga majibizano ya kadi ilikuwa inawachanganya watu, ikawekwa rundo ambalo kilichoingia mwisho ndicho kinachotoka kwanza. Hapo ndipo penye nafasi ya hekima na huruma: wakati wa kuujenga utaratibu, kabla kadi hazijagawiwa.

Wapo watakaochukizwa na ulinganisho wenyewe. Mchezo ni mali ya kampuni, watasema, na sheria ya Mungu haiwekwi meza moja na karata. Tofauti ni ya kweli na haifai kufichwa. Anayekosea mezani amepoteza mchezo. Anayekosea katika talaka au mirathi ameharibu maisha ya watu na atasimama mbele ya Mola wake. Tena kampuni inaweza kuandika upya maneno ya kadi yoyote kesho asubuhi, ilhali andiko takatifu limekwisha kufungwa. Hakuna mkono utakaoongeza wala kupunguza. Lakini tofauti hiyo inaitia nguvu hoja yangu. Wanaoweza kubadili maandishi bado wanahitaji utaratibu wa kuyasoma. Wasioweza kuyabadili wanauhitaji zaidi, maana mzigo wote umeangukia kwenye kusoma. Na utaratibu ndio unaofanya hitilafu za wanazuoni ziwe na heshima. Mshafii anasoma dua ya kunuti katika sala ya alfajiri, Mhanafi hasomi, na wanaweza kuwa majirani maisha yao yote bila mmoja kumwona mwenzake mzushi. Sababu ni kwamba kila mmoja akiulizwa amefikaje hapo ana njia ya kuonyesha, na njia hiyo humfunga hata pale inapompeleka asikotaka. Asiye na njia, mwenye kushika andiko hili leo kwa sababu linamfaa na lile kesho kwa sababu hiyo hiyo, hana madhehebu. Ana matamanio aliyoyavisha kanzu.

Linabaki pingamizi la ndani kabisa: huo utaratibu nao si maandishi? Kama maandishi hayajisomi, nani atausomea utaratibu? Ludwig Wittgenstein, katika kazi yake iliyochapishwa mwaka 1953 baada ya kifo chake, alilisukuma swali hili hadi mwisho, akaonyesha kwamba ukiidai kila kanuni kanuni nyingine ya kuifasiri, hutafika. Mnyororo unakatika pale watu wanapotenda kwa pamoja, waliofundishwa namna moja. Kuna mpaka mwingine pia, wa kihesabu. Mwaka 2019 Alex Churchill, Stella Biderman na Austin Herrick walionyesha kwamba kadi za mchezo huu zinaweza kupangwa zikafanya kazi kama kompyuta kamili, na kwamba kwa sababu hiyo hakuna kanuni ya hesabu iwezayo kutabiri, katika kila hali, nani atashinda, hata kama kila hatua iko wazi na hakuna mchezaji mwenye hiari. Mambo hayo mawili hayaubomoi utaratibu, yanauwekea adabu. Uwazi wa kila hatua ni kitu kimoja, na kujua mwisho wa safari ni kingine. Ndiyo maana mashindano yana waamuzi, na neno la mwamuzi mkuu ndilo la mwisho. Na ndiyo maana Waislamu wamepokea kutoka kwa Mtume kwamba hakimu anayejitahidi akapatia ana thawabu mbili, na anayejitahidi akakosea ana moja. Thawabu hiyo ya anayekosea isingekuwa na maana kama hakimu angekuwa anafanya apendavyo. Amelipwa kwa kutembea njia ilivyo, hata macho yake yalipokosea alama.

Kwa hiyo kipimo ninachopendekeza kwa kila anayegombana na mwenzake juu ya maana ya andiko, liwe la kadi, la katiba au la kitabu kitukufu, ni rahisi kukitaja na kigumu kukitimiza: taja mpangilio wako wa kusoma kabla hujajua ni radi ya nani, kisha usiuache unapokugeukia. Mpinzani wa Tarmogoyf ana mtihani huo mezani. Radi ni yake, pigo limempata kiumbe, na kaburi inakotakiwa kwenda kadi ile ni rundo lake mwenyewe, lililo karibu na mkono wake. Hakuna mwingine atakayeipeleka. Anainyanyua, anaiweka juu ya rundo, na kwa mkono wake mwenyewe anaongeza aina ya tatu inayomwacha adui yake hai.